Kutoka shambani hadi kwenye tusi

Kiingereza kina neno "villain", ambalo leo ni jina la mtu mwovu, yule adui ambaye watazamaji wa filamu husubiri ashindwe. Asili ya neno hilo haina uovu wowote. Lilipita kwenye Kifaransa cha kale kutoka Kilatini "villanus", mtu wa "villa", yaani anayefanya kazi katika shamba la bwana. Daftari la Domesday la mwaka 1086, lililoorodhesha ardhi ya Uingereza na watu walioilima, linaonyesha kwamba watu wa aina hiyo walikuwa kundi kubwa kuliko yote vijijini. Waliilisha nchi. Baada ya karne chache, jina la kazi yao lilikuwa limekwisha kuwa jina la uhalifu. Ndivyo lilivyopatwa na neno "churl" pia: katika sheria za kale za Wessex lilimtaja mtu huru wa kawaida, ambaye aliyemuua alitozwa fidia ya shilingi 200, ilhali fidia ya mkubwa ilikuwa 1,200. Leo mtu akiitwa hivyo ameambiwa hana adabu. Maneno ya wakubwa yalikwenda upande wa pili. "Noble" na "gentle" yalitaja ukoo, kisha yakawa sifa za moyo. Mwandishi C. S. Lewis alilieleza jambo hili katika kitabu chake Studies in Words cha mwaka 1960: maneno ya daraja hugeuka kuwa maneno ya tabia.

Mtu anaweza kudhani hayo ni mabadiliko ya kawaida ya lugha, yasiyo na mwelekeo. Lakini mwelekeo upo, na unaonekana wazi katika maneno mawili ya Kiingereza cha kale, "cniht" na "cnafa". Yote mawili yalimaanisha kijana wa kiume, na yote yakatumika kwa mtumishi. Kijana aliyebeba silaha akimfuata bwana wake vitani akawa "knight", jina ambalo hadi leo mfalme wa Uingereza huwatunuku watu kwa heshima. Kijana aliyebaki na kazi za nyumbani akawa "knave", na maana yake ikaishia kuwa laghai. Vivyo hivyo "marshal" alikuwa mtumishi wa farasi, na "minister" ni mtumishi kwa Kilatini. Yote mawili yakapanda hadi kuwa vyeo vya juu kabisa vya jeshi na serikali. Kilichotofautisha si ugumu wa kazi wala uaminifu wa mtu. Aliyekuwa karibu na mamlaka alipandishwa na neno lake, na aliyeshika jembe akashushwa na lake, kwa sababu wenye kalamu walikaa juu na waliiandika dunia kama walivyoiona kutoka huko.

Nimeanza mbali, lakini Kiswahili hakijasalimika. Muungwana kwanza alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Sasa ni mtu mwenye adabu, kana kwamba waliotumikishwa hawakuweza kuwa nayo. Mshamba ni mtu wa shamba, neno lenye umbo na safari ileile ya "villain", na katika nchi ambazo wengi wanaishi kwa kilimo tunalitumia kumcheka asiyejua taratibu za mjini. Kisha tukapokea kutoka kwa Waingereza neno jingine, "boy". Katika matumizi yake ya zamani zaidi lilimtaja mtumishi au mtu wa hali ya chini, kabla ya kuzoeleka kuwa jina la mtoto wa kiume. Wakoloni walilileta likiwa na maana zote mbili, likawa boi, hausiboi na shambaboi, wakaitwa hivyo hata wanaume wenye wajukuu. Hausigeli bado yumo katika mazungumzo yetu na katika kurasa za magazeti, hata kama ana miaka 45 na watoto wa kusomesha.

Kuna watakaosema hili ni suala la hisia tu, na kwamba jina halimpunguzii mtu mshahara. Sheria zinaonyesha vingine. Uingereza iliwahi kuwa na sheria za bwana na mtumishi. Kwa ile ya mwaka 1823, mfanyakazi aliyevunja mkataba aliweza kufungwa hadi miezi mitatu, ilhali bwana aliyeuvunja hakukabiliwa na jela. Mwaka 1875 sheria hizo ziliondolewa, na iliyochukua nafasi yake ikabeba jina jipya: mwajiri na mfanyakazi. Jina na adhabu viliondoka pamoja. Lakini miaka 31 baadaye, mwaka 1906, sheria ya mabwana na watumishi ikawekwa katika eneo ambalo leo ni Kenya, na Tanganyika ikapata yake mwaka 1923, safari hii neno "native" likiongezwa kwenye jina lenyewe. Mwafrika aliyeacha kazi bila ruhusa akawa mkosaji wa jinai. Kile ambacho Waingereza walikuwa wamekataa kuitwa kwao, walikiona kinatufaa sisi.

Hoja nzito zaidi ni kwamba maneno mapya huchakaa kama ya zamani: dharau ikibaki, itahamia kwenye jina lolote tutakalobuni. Nakubali kwamba hutokea. Ila si majina yote yaliyo sawa mbele ya dharau. Neno linalotaja umri, jinsia au kimo cha mtu halimpi lolote la kudai. Neno linalotaja kazi humweka ndani ya sheria ya kazi. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, unawataja watu hawa kuwa wafanyakazi wa nyumbani, na kwa kuwa ni wafanyakazi, unadai wapumzike angalau saa 24 mfululizo kila wiki. Boi hana siku ya mapumziko, mfanyakazi anayo. Wala sipingi kuwepo kwa vyeo. Hospitali, meli na chumba cha habari vinahitaji mtu wa kutoa amri na wa kuitekeleza, lakini karani, dereva au mhudumu anaweza kutajwa kwa kazi yake bila kuitwa mdogo wa fulani au mtu wa chini.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wahariri kwanza, kwa sababu wao ndio wenye kalamu leo. Mkulima aandikwe mkulima, na ushamba usitumike kama jina la ujinga. Habari ya mwanamke aliyepigwa na tajiri wake, au asiyelipwa kwa miezi sita, isianze kwa kumwita hausigeli. Najua vichwa vya habari vina nafasi finyu. Hausigeli lina herufi kumi, na mfanyakazi lina kumi vilevile.