AC ya gari haipoozi? Usikimbilie kujaza gesi

Januari na Februari, joto la Dar es Salaam likipita nyuzi 30, foleni ya jioni huwa mtihani kwa mtoto aliyefungwa mkanda kiti cha nyuma. Mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima, hivyo AC inayopuliza hewa ya moto si suala la starehe tu.

Wazazi wengi hupeleka gari kwa fundi na kusema, "Niongezee gesi." Lakini gesi ya AC haitumiki ikaisha kama petroli. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua, kuna mahali inavuja.

Kabla ya kulipa, mwombe fundi apime presha kwa geji zote mbili, ya bluu na nyekundu. Gari likiwa limezimwa kwa muda, zote husoma sawa. Kwa gesi ya R-134a, iliyo kwenye magari mengi, ni kama psi 95 hadi 100 kwenye nyuzi 30. Namba hiyo huonyesha kwamba gesi ipo, haionyeshi kama inatosha.

AC ikiwashwa, bluu hushuka hadi psi 30 au 45, nyekundu hupanda hadi 200 na zaidi siku ya joto. Zote zikiwa chini mno, tafuta panapovuja. Zote zikiwa juu mno, huenda gesi imezidi au feni ya mbele haizunguki. Kuongeza gesi hapo ni kuua kompresa. Kipimo sahihi cha kujaza ni gramu, na mara nyingi huandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti.

Kazi hiyo ifanyike mahali pa wazi, watoto wakae mbali. Gesi hiyo ikitoka ikiwa kimiminika huunguza ngozi na macho kwa baridi kali. Usikubali kujaziwa gesi ya kupikia, kwani inashika moto.

AC ikiwa bado mbovu, fungua madirisha, beba maji ya kunywa, na usimwache mtoto ndani ya gari lililoegeshwa, hata kwa dakika tano. Akilegea, akitapika au akichanganyikiwa na mwili ukiwa wa moto, mtoe kivulini, mlowanishe kwa maji, mpepee na mwahishe hospitali.