Jina Moja kwa Kitu Kimoja

Wako wanaodhani kwamba istilahi ni pambo tu la sayansi. Sikubaliani nao. Itifaki ya SIP, itumikayo kuanzisha na kukata simu katika intaneti, yatupa ushahidi. Katika toleo la 1999, uhusiano wa vyombo viwili vinavyowasiliana uliitwa "mguu wa simu". Toleo la Juni 2002 liliacha jina hilo, likauita "mazungumzo", na kueleza bayana kwamba mazungumzo hutambulishwa kwa vitu vitatu pamoja: kitambulisho cha simu, na alama mbili, moja ya kila upande.

Kwa nini kitambulisho cha simu pekee hakitoshi? Kwa sababu ombi moja laweza kufikishwa kwa vyombo kadhaa, navyo vyote vikajibu. Kitambulisho cha simu ni kile kile, lakini mazungumzo ni mbalimbali. Chombo kisichotofautisha hayo chaweza kukata mazungumzo yasiyohusika.

Basi mwalimu asimwachie mwanafunzi kuchanganya istilahi, ziwe za simu au uzito na tungamo. Anayezoea kuchanganya majina darasani atachanganya vitu vyenyewe kazini.