Mtoto anayekohoa si mulozi

Huku kwetu Kolwezi kila mutu anakohoa. Magari ya madini yanapita, vumbi inapanda, na mu nyumba tunasema tu: ni vumbi. Lakini mtoto akikohoa tangu siku alizaliwa, mafua haiishi, masikio inatoka usaha, maneno inabadilika. Sasa ni bulozi. Ao ni damu mubaya ya mama. Ni juu ya huyo mama njo naandika leo.

Mu njia ya pumzi tuko na vijinywele vidogo sana, jicho haiwezi kuviona. Vinapiga pamoja sawa fagio, mara 10 hivi kwa sekunde, na kutosha makohozi pamoja na vumbi. Kila kijinywele kinajengwa na protini mamia, na kila protini inajengwa kwa amri ya jeni. Jeni fulani ikipotea, fagio inasimama.

Wachimbaji, ninyi mutaelewa mbio. Ukitosha muti moja wenye kushikilia shimo, hautapoteza muti moja tu: udongo wote unashuka. Watafiti wa Washington University, kule St. Louis, Marekani, Steven Brody na wenzake, walichunguza seli za watu wenye jeni CCDC39 ao CCDC40 iliyoharibika. Walitumia proteomiki, ni kusema kupima protini za seli zote kwa mara moja. Protini moja ikikosekana, zingine zaidi ya 90 zinapoteza mahali pao. Na hasara haikuishia ku fagio: seli yenyewe ilianza kugeuka.

Hii jeni mtoto haipate kwa mama peke yake. Ugonjwa unaonekana tu kama nakala mbili zote zimeharibika, moja ya baba, moja ya mama. Wazazi wenyewe ni wazima, hawajui kitu. Basi juu ya nini mama peke yake arudishwe kwao? Tena, kwa karibu nusu ya watoto hawa moyo iko upande wa kuume. Ile haiko alama ya shetani. Mu tumbo ya mama, ni vijinywele njo vinaonyesha viungo upande wao.

Wengine watasema: kampuni zinatupaka vumbi, na weye unatuletea hadithi ya jeni? Neno hilo lina haki. Mu 2018 Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzake walionyesha kama watoto wa Kasulo walikuwa na kobalti mingi mu damu na mu mikojo, na alama za DNA kuumizwa. Kesi ya vumbi ni yetu, tusiiache hata siku moja. Lakini vumbi isifiche mtoto ambaye ugonjwa wake ni mwingine. Akitunzwa mapema, akisaidiwa kutosha makohozi kila siku na kupewa dawa wakati wa maambukizi, mapafu yake yatadumu.

Kwa kuanza, haiombi mashine ya Marekani. Munganga aulize: anakohoa tangu lini? Kisha radio ya kifua ionyeshe moyo iko upande gani. Dispansere za migodi ziweze kufanya hivyo bila kungoja.

Na weye, baba, siku ile usimutume mama peke yake. Enda naye. Ile jeni ni yenu wawili.