Boit hakuwa na theluji, Karagwe milima ipo

MUULIZE kijana wa Kayanga au Nkwenda amtaje mwanariadha wa Kenya, atakwambia Eliud Kipchoge. Philip Boit hamjui. Hatumlaumu, maana Boit hakuleta medali ya Olimpiki, na mchezo uliompa jina ni mbio za kuteleza kwenye theluji.

Boit alikuwa mkimbiaji wa mita 800. Mwaka 1996 kampuni ya Nike ilimpeleka Finland pamoja na mwenzake, Henry Bitok, wakajifunze mchezo huo. Theluji alikuwa hajawahi kuiona. Miaka miwili baadaye, Februari 1998, alikuwa Nagano, Japani, Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi.

Katika kilomita 10 alishika nafasi ya 92, ya mwisho, akizidiwa dakika 20 na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie hakuondoka. Alimsubiri kwenye mstari wa kumalizia, akamkumbatia. Boit naye akaja kumpa mwanawe jina la Dæhlie. Mwingine angesema basi, yametosha. Yeye alirudi Olimpiki ya 2002 kule Salt Lake City, na ya 2006 kule Turin.

Haya yanatuhusu nini sisi wa Kagera? Yanatuhusu sana. Karagwe na Kyerwa zina sehemu zilizo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Watoto wetu wanapanda na kushuka vilima kila siku kwenda shule, tena wengine kwa mbio wakiogopa kuchelewa. Mazingira ya namna hiyo wakimbiaji wa nchi nyingine huyafuata kwa nauli.

Lakini ukigusa habari ya michezo, jibu ni soka tu. Riadha tunaikumbuka msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA. Yakiisha, aliyekimbia vizuri anarudi kwenye migomba na kahawa, na hakuna anayeuliza yuko wapi.

Boit hakuota kama uyoga. Alitafutwa, akapewa kocha, vifaa na muda. Hata hivyo alikuwa mtu mmoja bila mfumo nyuma yake. Baada ya 2006 Kenya haikuonekana tena kwenye Olimpiki ya baridi hadi 2018, ilipowakilishwa na Sabrina Simader, aliyekulia Austria.

Na sisi tusicheke. Tanzania ina medali mbili tu za Olimpiki, zote za fedha, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, Moscow 1980. Tangu hapo ni kusimulia tu.

Hatuziombi halmashauri za Karagwe na Kyerwa uwanja wa mabilioni. Tunaomba njia ya mita 400 iliyopimwa sawasawa kwenye kiwanja cha shule, saa ya kupimia muda, mwalimu mmoja aliyesomea riadha, na daftari la kuandika muda wa kila mtoto, mwaka hadi mwaka. Hapo atakayemaliza wa mwisho leo tutajua kama mwakani amesogea.

Kama mtu wa mita 800 aliweza kujifunza theluji ukubwani, mtoto wa Kaisho atashindwaje mbio za mlimani alikozaliwa? Anachokosa ni mtu wa kumsubiri mstarini.