Afya ya Mtoto Shuleni: Nani Atalipa?



Baadhi yenu mmependekeza kwamba shule zetu za Goma zianzishe masomo ya lishe na mazoezi ya mwili, ili watoto wasinenepe kupita kiasi. Wapo watakaoshangaa: je, unene ni shida katika mji ulioonja vita na njaa? Uchunguzi wa kitaifa wa 2017-2018 ulionyesha kwamba watoto 42 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 nchini mwetu wamedumaa. Hata hivyo, mwezi wa Septemba 2025 UNICEF ilitangaza kwamba, duniani kwa jumla, watoto wenye unene wa kupindukia wameuzidi wingi wa wale wenye uzito pungufu, isipokuwa Afrika kusini mwa Sahara na Asia ya Kusini. Kwetu hatari hiyo bado haijatawala, na kukinga ni rahisi kuliko kuponya. Pendekezo lenu ni jema.

Lakini mtu anayetaka kujenga mnara huketi kwanza, akahesabu gharama. Nasi tuhesabu.

Gharama ya kwanza ni mwalimu. Sisi tuliosomea ualimu twajua kwamba hakuna somo lisilo na bei: lina maandalizi, karatasi, na saa zinazoondolewa kwenye hesabu au kusoma. Tangu elimu ya msingi ya bure ilipoanza kutekelezwa mwaka 2019, madarasa yamejaa. Tena, vita vilipoingia mjini mwezi wa Januari 2025, benki zilifunga milango, na walimu wengi wakahangaika kuufikia mshahara wao. Kumwongezea mtu huyo kazi bila malipo, kisha kuiita programu ya bure, si haki.

Gharama ya pili ni mahali. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano. Mtoto akimbie wapi bila kujikata miguu, ikiwa hana viatu? Bustani ya lenga-lenga itapandwa wapi pasipo udongo ulioletwa kutoka mbali? Na baada ya mchezo mtoto hutaka maji, nayo kwetu hununuliwa kwa bidoni.

Gharama ya tatu ndiyo tunayoisahau upesi: mama anayeuza mandazi na vinywaji vya sukari langoni. Tukimfukuza kwa jina la afya, tumemlipisha yeye programu yetu, na huenda ndiye mzazi wa mmoja wa wanafunzi hao. Afadhali tuketi naye, tumsaidie kupata mtaji mdogo wa ndizi, karanga na mayai ya kuchemsha, naye abaki na riziki yake.

Wala fedha nyingi si dhamana. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya programu kubwa katika shule za eneo la Birmingham, Uingereza: dakika 30 za mazoezi ya ziada kila siku na mafunzo ya mapishi pamoja na wazazi. Uzito wa watoto haukuonyesha tofauti ya maana. Fundisho lake si kwamba tusijaribu. Ni kwamba shule peke yake haiwezi kubeba mzigo unaoanzia nyumbani na sokoni.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Tuanze na shule moja, kwa mwaka mmoja. Kabla ya siku ya kwanza, tuandike kwenye ukurasa mmoja kila gharama, na mbele yake jina la atakayeilipa. Mzazi asitozwe mchango mpya uliofichwa chini ya jina jingine. Ninyi vijana hamna fedha, lakini mna Jumamosi: ondoeni mawe uwanjani, ongozeni michezo, tekeni maji. Huo nao ni mchango, na uandikwe.

Pale ambapo nafasi ya jina itabaki tupu, tusijidanganye kwamba hakuna anayelipa. Mara nyingi anayelipa ni yule ambaye hakuulizwa.