Muganga anapobadilisha spesialite katikati ya masomo: nani analipa bei?

Katika majimbo ya mashariki, muganga anapoacha hospitali yake ya zoni ya afya na kwenda "kufanya spesialite", ile safari si yake peke yake. Hospitali aliyoiacha inahesabu miaka. Waganga wenzake waliobaki wanagawana gardi zake za usiku. Watu wa pale wanasemaka: huyu akirudi, hatutabeba tena wagonjwa mpaka Bukavu, Goma ama Kisangani. Kisha, mwaka wa pili ama wa tatu, habari inafika: amebadilisha. Alikwenda kusomea upasuaji, sasa anasomea magonjwa ya ngozi. Ama ameacha vitanda vyote na kuingia katika afya ya jamii, juu ya ONG zinalipa vizuri.

Maneno yanatoka haraka. Wengine wanasema ameshindwa, wengine wanasema amefuata makuta. Kuna wale ambao kwao ni hivyo kweli, hakuna haja ya kuficha. Lakini ukitazama namna muganga wa kwetu anavyochagua spesialite, utaona kwamba mambo mengi yaliharibika mbele, ile siku ya kwanza alipoandikisha jina.

Masomo ya uganga hapa Kongo yanachukua karibu miaka 7 kisha sekondari. Diploma inamfanya mtu kuwa muganga wa mambo matatu kwa mara moja: kutibu, kupasua na kuzalisha. Jina lenyewe la diploma linasema hivyo, na si jina tu. Nchi ina zoni za afya 519, na katika nyingi ya zile zoni, njo yule muganga jenerali anayefanya sezarieni saa nane ya usiku, anayepasua henia na apendisi, na asubuhi anapita kwa watoto wenye malaria. Kwa hiyo mingi ya wale wanaokwenda spesialite wamekwisha kugusa kazi. Wanajua damu ni nini. Katika Ufaransa, kijana anachagua mara tu akimaliza masomo, kufuatana na nafasi yake katika mitihani ya nchi nzima. Huku, mtu anaweza kuingia masomoni na miaka 35, bibi na watoto watatu.

Shida iko katika namna ya kuingia. Ili departema ipokee asistanti (njo hivi wanamuita muganga anayesomea spesialite), lazima kuwe mkubwa wa kumfundisha, vitanda vya kutosha, na nafasi. Vyuo vikuu vya mashariki vinategemea sana maprofesa wageni kutoka Kinshasa na kwingine. Basi muganga aliyekuja na hamu ya kutibu watoto anaweza kuambiwa: nafasi iko kwa usingizi wa operesheni, ukitaka. Anakubali, juu mwaka mwingine wa kungoja ni mwaka wa kula nini? Mwingine anachagua kile ambacho mlipaji wake anataka: kanisa, mradi, ama ndugu aliye na klinike mjini. Hapo mtu amejibu swali la "nafasi iko wapi?" Swali la "kazi gani nitaifanya kwa miaka 30?" halijaulizwa bado. Litauliza lenyewe baadaye.

Na linauliza katika wakati mbaya. Asistanti anafanya kazi ya hospitali usiku na mchana: gardi, kupita vitanda, chumba cha operesheni, ripoti ya asubuhi mbele ya wakubwa. Wakati uleule, wengi wanajilipia minervali, nyumba na chakula cha watoto. Primi ya serikali, kwa yule anayeipata, inachelewa ama haitoshi; si mara moja waganga wa nchi hii wameingia katika mgomo juu yake. Mwaka wa pili, mgongo unauma kwa kusimama saa sita juu ya meza ya operesheni. Ama mwanamke asistanti anapata mimba na hakuna anayetaka kupanga upya gardi. Ama mfundishaji anahama, na departema inabaki bila mtu wa kumfuata. Kisha kuna vita. Goma ilichukuliwa mwisho wa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari. Benki zikafunga, ndege za kawaida zikasimama. Asistanti aliyekuwa anangoja profesa mgeni kutoka Kinshasa, ama feza kutoka kwa mlipaji wake, hakuhitaji kupoteza moyo ili masomo yake yasimame.

Kuna mfano ambao kila mtu wa Kivu anaujua, lakini upande huu wake hauzungumzwi sana. Denis Mukwege hakuanza na magonjwa ya wanawake. Alitaka kuwa muganga wa watoto. Alimaliza uganga Burundi katika mwaka 1983, akaja kufanya kazi katika hospitali ya Lemera, katika teritwari ya Uvira. Pale aliona wamama wanaofika wamechelewa, wanatoka damu, wamebebwa kwa miguu siku nzima. Hapo mpango wake ukageuka. Alikwenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi, akarudi katika mwaka 1989. Lemera ikashambuliwa Oktoba 1996; hospitali ya Panzi ikafunguliwa Bukavu katika mwaka 1999; tuzo ya Nobel ikaja 2018. Wanawake walioshonwa Panzi wanatoka katika kubadilisha kule.

Lakini ona vizuri wakati wake. Yeye alibadilisha akiwa muganga jenerali, mbele ya kuandikishwa katika spesialite ingine. Mlango ulikuwa bado wazi, na hakupoteza mwaka hata mmoja. Kama angekuwa asistanti wa watoto wa mwaka wa pili, na moyo umegeuka hapo, nani angemfungulia?

Hapo njo penye uzito. Kwa asistanti wa huku, kubadilisha kunapita kwa watu. Lazima mkubwa wa departema anayoiacha amwachilie, na mkubwa wa ile anayoitaka ampokee. Wakielewana, anaweza kuhesabiwa sehemu ya staji zake. Wasipoelewana, anaanza tena mwaka wa kwanza, na minervali mpya. Kwa hiyo mtu anayejua mwezi wa sita kwamba amekosea njia ananyamaza. Anaogopa kuitwa mtu asiye na msimamo, anaogopa mkubwa kukasirika. Anasema mwaka wa tatu, ama hasemi kabisa: anaondoka tu. Kubadilisha mwezi wa sita kunagharimu mtu mmoja miezi sita. Kubadilisha mwaka wa tatu kunagharimu departema, hospitali iliyomtuma, na wagonjwa waliokuwa wanangoja.

Nchi zingine zimeliandika jambo hili katika sheria. Ufaransa, ambako wanganga wengi wa Kongo wamepita, kuna kile wanachokiita haki ya kujuta. Asistanti anaweza kuomba kubadilisha spesialite mara moja tu, mbele ya kumaliza semestri ya pili ya awamu ya pili ya masomo. Kwa spesialite nyingi, hiyo ni karibu miaka miwili ya kwanza. Hawezi kukimbilia popote: ni ile tu ambayo nafasi yake katika mitihani ingemruhusu kuichagua toka mwanzo. Neno lenyewe ni zuri. Haliiti kubadilisha kosa, wala haliuachi mlango wazi milele.

Karibu na sisi kuna njia ingine. Chuo cha wapasuaji cha Afrika ya Mashariki, Kati na Kusini, chenye ofisi yake Arusha, ambacho Burundi, Rwanda, Uganda, Tanzania na Zambia zimo ndani, kinafundisha wapasuaji wote pamoja kwa miaka 2 ya kwanza. Kisha mtihani, njo mtu anachagua tawi: mifupa, watoto, njia ya mkojo, kichwa na kadhalika, miaka mingine 3. Aliyefikiri anataka kichwa na akagundua anataka mifupa hapotezi kitu, juu shina ni moja.

Marekani pia kubadilisha kuna bei, lakini hesabu inakwenda kwa hospitali. Bima ya serikali, Medicare, inasaidia kulipia mafundisho ya asistanti kwa miaka inayohesabiwa kufuatana na spesialite aliyoanza nayo. Akibadilisha, ile hesabu haianzi upya, na miaka ikipita, sehemu ya moja kwa moja ya ule msaada inashuka kwa nusu. Hospitali inafikiri mara mbili mbele ya kumpokea. Huku, anayefikiri mara mbili ni asistanti, na bibi yake.

Hakuna kinachozuia fakilte za mashariki kuandika karatasi moja ya namna hiyo: mwisho wa mwaka wa kwanza, kila asistanti anaulizwa rasmi kama anaendelea, na anayejibu hapana anajua staji gani zitahesabiwa. Haiombi feza ya wafadhili. Upande wa hospitali zinazotuma watu, mkataba wa kurudi unapaswa kusema wazi itakuwa namna gani spesialite ikibadilika. Hospitali ya Shabunda iliyomngoja mpasuaji itafanya nini na muganga wa ngozi? Kumlazimisha mtu kupasua maisha yake yote hakumsaidii mgonjwa. Lakini haki ya hospitali ipo, na muganga aliyelipiwa hawezi kuipita kama haionekani.

Tena kuna wale wanaoacha bila kubadilisha, na hao wanagusa raia moja kwa moja. Asistanti ametoka katika masomo ya magonjwa ya wanawake mwaka wa tatu, bila mtihani wa mwisho. Anafungua kabine katika kartye, na juu ya mlango anaandika kwamba yeye ni muganga wa wanawake. Pengine mikono yake ni mizuri. Lakini mimba yenye matatizo ikifika, tofauti kati ya miaka 3 na masomo yaliyomalizika inaweza kuwa mama mmoja.

Mgonjwa ana haki ya kuuliza, hata kama kwetu kumuuliza muganga kunaonekana sawa matusi. Maswali mawili yanatosha: spesialite uliimaliza katika fakilte gani, na Oda ya waganga imekuandika kama spesialisti? Aliyemaliza anajibu bila kukasirika. Anayejibu kwamba yeye ni jenerali mwenye uzoefu anasema pia ukweli, na kwa mambo mengi jenerali anatosha. Ofisi ya Oda ya jimbo ina orodha ya majina, na mtu mwenye mashaka anaweza kwenda kuuliza pale mbele ya kutoa feza ya operesheni.