Cherehani ya Nyumbani Isiwe na Bwana Mmoja



Katika vijiji vyetu vingi ziko nyumba zenye cherehani. Pengine mojawapo ni nyumba yako. Cherehani hiyo ilinunuliwa baada ya mavuno mazuri, au ililetwa na mtoto anayefanya kazi mjini, au iliachwa na bibi. Imewekwa mahali pa heshima. Imefunikwa kitambaa kilichofumwa maua. Wageni wakiingia huiona na kuisifu.

Lakini ukiuliza, "Je, inashona?" mara nyingi utajibiwa hivi: "Inashona, ila fulani hayupo." Huyo fulani ndiye mtu pekee katika nyumba ile anayejua kuitunga uzi. Akisafiri, cherehani nayo imesafiri. Akiugua, cherehani nayo inaugua. Akifariki, cherehani imekufa, ingawa chuma chake ni kizima.

Mimi nasema hali hii haifai. Cherehani ya nyumbani isiwe na bwana mmoja. Katika kila nyumba yenye cherehani, watu wasiopungua wawili wajue kuiandaa, kuitumia na kuitunza. Wawe mke na mume, au mama na kijana wake, au bibi na mjukuu. Lakini wawe wawili.

Kwa nini jambo hili ni kubwa

Fikiri juu ya sare za shule. Mwaka 2016 Tanzania ilianza kutoa elimu bila ada mpaka kidato cha nne katika shule za serikali. Lakini sare bado hununuliwa na mzazi. Sare ya mtoto ina kazi ngumu. Inakalia dawati, inapanda miti, inacheza mpira, inafuliwa kila mara. Jumanne jioni kaptula imechanika nyuma. Fulani yuko safarini mpaka Jumapili. Mtoto anaona haya kwenda shule. Anakosa masomo siku tatu kwa sababu ya mshono usiozidi urefu wa shubiri. Na cherehani iko humo humo ndani, imefunikwa maua.

Kwa binti jambo hili ni zito zaidi. Sketi iliyopasuka inamtia aibu mbele ya darasa zima. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mshono ulioachia leo hushonwa kwa dakika tano. Ukiachwa wiki mbili, nguo nzima imekwisha, na mzazi anatafuta fedha ya nguo mpya.

Fikiri pia juu ya mjane. Mume alikuwa fundi wa nyumbani. Mke hakuwahi kuigusa cherehani. Siku mume anapofariki, mke anabaki na mali asiyoweza kuitumia. Akija mnunuzi, mke huyo ataiuza kwa bei ya kutupa, maana kwake ni chuma tu. Kama angejua kushona, angekuwa na kitu cha kumsaidia yeye na watoto wake.

Si kazi ya uchawi

Wengi huogopa cherehani kwa sababu ina sehemu nyingi. Lakini wewe uliogopa pia herufi, na leo unasoma. Cherehani nayo husomwa hatua kwa hatua.

Kwanza, tengeneza mahali. Weka cherehani karibu na dirisha au mlango, ili mwanga uangukie kwenye sindano. Meza isimame imara. Ikiyumba, tia kipande cha ubao chini ya mguu wake.

Pili, ifundishe miguu yako. Usianze na uzi wala kitambaa. Inua kile kiguu kinachobana kitambaa. Legeza skrubu kubwa iliyo katikati ya gurudumu, ili sindano isiende. Zungusha gurudumu kwa mkono kuja upande wako, kisha kanyaga polepole kwa miguu yote miwili. Katika cherehani nyingi za nyumbani, gurudumu huzunguka kuja upande wa mshonaji. Likirudi nyuma, uzi hukatika au hujisokota. Kanyaga hivyo kila siku mpaka gurudumu lisirudi nyuma hata mara moja.

Tatu, shona karatasi. Kaza tena ile skrubu ya gurudumu. Tia sindano ya zamani, bila uzi. Chukua ukurasa wa daftari lililokwisha, shusha kiguu, ushone juu ya mistari yake. Mistari ile ile uliyojifunzia kuandika ndiyo itakayokufundisha kushona mshono ulionyooka. Usivute karatasi. Yako meno madogo chini ya kiguu yanayoisukuma. Kazi ya mikono yako ni kuongoza tu.

Nne, ijue sindano. Sindano ya cherehani ya nyumbani huwa na upande bapa juu, na mfereji mrefu upande wa pili. Uzi huingizwa kwa upande wenye mfereji mrefu. Ukiigeuza sindano, haitashona vizuri, au haitashona kabisa. Sindano pia ina namba. Namba 11 ni ya kitambaa chepesi. Namba 14 ni ya kitambaa cha kawaida cha pamba, kama kanga na shati la shule. Namba 16 ni ya kitambaa kizito, kama kaki. Namba hizo zimeandikwa kwenye pakiti. Zisome mwenyewe kabla ya kulipa. Hapo ndipo kisomo chako kinapokuwa na manufaa.

Tano, tunga uzi. Jaza uzi kwenye bobini, uiweke mahali pake. Kisha chukua uzi wa juu kutoka kwenye kidonge. Upitishe katika vishikizo vyake, katikati ya vile vibati viwili vinavyoubana, kwenye tundu la mkono ule unaopanda na kushuka, na mwisho kwenye sindano. Usiuruke mkono ule. Ukiuruka, uzi utajisokota mara moja. Sasa shika ncha ya uzi wa juu, uzungushe gurudumu mzunguko mmoja. Uzi wa chini utapanda kama kitanzi. Uvute. Peleka nyuzi zote mbili nyuma ya kiguu, ziwe na urefu wa sentimita 10 hivi. Shusha kiguu juu ya kitambaa, uanze kushona.

Sita, jua kutafuta kosa. Watu wengi wakiona vitanzi vya uzi chini ya kitambaa huilaumu bobini. Wanafungua kiskrubu kidogo cha kikasha chake, kinaanguka na kupotea. Hapo cherehani imekuwa mbovu kweli. Jua jambo hili: vitanzi vikiwa chini, mara nyingi kosa liko juu. Uzi wa juu umelegea, au haukupita katikati ya vibati. Toa uzi wa juu, uutunge upya. Kama vitanzi bado vipo, kaza kidogo skrubu ya vibati, kisha jaribu kwenye kitambaa kibovu.

Saba, itunze. Ondoa vumbi la nyuzi chini ya bamba la sindano kwa brashi ndogo. Tia tone moja la mafuta ya cherehani katika kila tundu la mafuta. Usitie mafuta ya kupikia. Mafuta hayo huganda na kufanya mashine iwe nzito. Ukimaliza, shona kwanza kitambara kibovu, ili mafuta yaliyozidi yasichafue nguo.

Tena jihadhari. Unapotunga uzi, ondoa miguu kwenye kanyagio. Vidole visikaribie sindano. Mtoto mdogo asichezee gurudumu. Kama cherehani ni ya umeme, chomoa waya kabla ya kuisafisha au kubadili sindano.

Hatua hizi ni saba tu. Mtu akijifunza moja kila siku, katika wiki moja atakuwa ameziona zote. Ustadi utakuja baadaye, kwa kurudia.

Majibu kwa wanaopinga

Wapo watakaosema: "Cherehani ikishikwa na wengi itaharibika." Siyo kweli. Kinachoiharibu ni kutojua, wala si wingi wa mikono. Mikono miwili isiyojua huiharibu kwa siku moja. Mikono minne inayojua huitumia miaka mingi. Na cherehani isiyotumika nayo huharibika. Mafuta yake hukauka, na kutu huingia.

Wapo watakaosema: "Kushona nyumbani ni kazi ya wanawake." Ndugu yangu, nenda sokoni ukatazame kwenye baraza za maduka. Je, huwaoni wanaume wakikanyaga cherehani? Ajabu ni hii. Kazi hiyo ikilipwa fedha barazani, hakuna aiitaye ya kike. Ikiwa ni kaptula ya mtoto wake mwenyewe, mwanamume huyo huyo husema ni ya kike. Sindano haijui aliyeikalia kama ni mwanamume au mwanamke.

Nasi tunaoendesha madarasa tusikie. Somo la ushonaji likitangazwa, mara nyingi huitwa akina mama peke yao. Akina baba hupelekwa kwenye kilimo. Mipango ya namna hiyo ndiyo inayoacha cherehani na bwana mmoja. Somo hili liwe la wote.

Wapo watakaosema: "Tutamnyang'anya fundi wa kijiji kazi yake." Hofu hii ni ya zamani. Mfaransa mmoja aitwaye Barthélemy Thimonnier alipata hati ya serikali kwa cherehani yake mwaka 1830. Cherehani zake zilishona sare za askari mjini Paris. Mwaka 1831 mafundi waliokuwa wakishona kwa mkono waliivamia karakana yake na kuzivunja, wakihofu kukosa riziki. Lakini hawakuizuia cherehani kuenea. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1851, Isaac Singer alipata hati ya cherehani yake huko Marekani. Leo chombo kile kilichoogopwa na mafundi ndicho kinachowalisha mafundi. Vivyo hivyo, fundi wetu ataendelea kukata suti na magauni ya harusi. Wewe utaziba mshono ulioachia. Tena mtu anayejua kushona kidogo huijua vizuri thamani ya kazi ya fundi, naye hambishii bei bila sababu.

Wapo pia watakaosema: "Mitumba ipo, tushone ya nini?" Ni kweli, mitumba imewavika wengi. Lakini suruali ya mtumba ni ndefu, kiuno chake ni kipana, na pindo limeachia. Nguo hiyo inahitaji cherehani ili ikukae sawa. Na sare ya shule ukiishona mwenyewe, unaweza kuacha pindo la vidole vinne. Mwaka ujao mtoto akirefuka, unalifungua na kulishusha. Sketi moja inafanya kazi ya mbili.

Jambo moja zaidi nataka nieleweke. Sisemi kwamba kila nyumba ikimbilie kununua cherehani. Usikope fedha kwa kuona jirani anayo. Chukua daftari lako, uandike kwa miezi mitatu fedha yote unayomlipa fundi. Kisha linganisha na bei ya cherehani, nyuzi, sindano na mafuta. Hesabu ndiyo ikuamulie. Ninazozisemea hapa ni zile cherehani ambazo tayari zimo ndani, nazo hazifanyi kazi kwa sababu mwenye kuzijua ni mmoja.

Tufanye nini?

Wewe unayejua, usifanye elimu yako kuwa siri. Mtu akikuomba umtungie uzi, mfundishe autunge mwenyewe huku ukitazama. Hutapungukiwa na kitu. Siku ukiugua, nguo yako nawe itashonwa.

Wewe usiyejua, usione haya. Mwaka 1970, ulipotangazwa nchini kwetu kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wako wazee wenye wajukuu waliokubali kushikwa mkono waandike herufi. Nawe omba ushikwe mkono kwenye gurudumu. Andika zile hatua saba kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, uibandike ukutani juu ya cherehani. Ukisahau, soma.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujafunga kitabu hiki, lijibu swali moja. Katika nyumba yako, mtu wa pili ni nani? Kama hayupo, anza kumfundisha Jumamosi hii. Na kama mtu wa pili ni wewe mwenyewe, kaa kitini, ukanyage.

Maswali ya kujadili darasani

1. Katika kijiji chetu, ni nyumba ngapi zenye cherehani? Ni ngapi zinazoshona?
2. Ukiona vitanzi vya uzi chini ya kitambaa, utaanza kutazama wapi?
3. Kwa nini mafuta ya kupikia hayafai kwa cherehani?
4. Mwandishi anasema ushonaji usiwe somo la akina mama peke yao. Je, mnakubali? Toeni sababu.
5. Nani katika darasa letu anaweza kuwafundisha wengine kutunga uzi? Pangeni siku.